Santuri ya Kalunde

Jumamosi, dukani kwa Feruzi, fundi redio wa Kanyenye,
harufu ya risasi iliyoyeyuka na karanga za kukaanga,
tunabishana tena.
Swali ni lilelile la tangu tuna meno yote:
ukiambiwa ubaki na santuri moja tu, ipi?
Si wimbo. Santuri nzima, pande zote mbili,
pamoja na ule wimbo wa tano ambao kila mtu huuruka.

Mihayo, dereva mstaafu wa treni ya mizigo, hana subira.
Kwake ni Wana-Karakana Jazz, ile yenye jalada la kijani.
Anasimama, anashika fagio kama gitaa, anatamba:

    Gitaa linapolia, moyo hauna kufuli,
    Hata jiwe husikia, si hadithi ni ukweli...

Mshororo wa tatu ukamkimbia.
Akaketi, akasingizia kikohozi.

Feruzi alicheka hadi miwani ikadondoka juu ya saketi.
Yeye ni mtu wa ng'ambo ya ziwa. Santuri yake
ilivuka kutoka Kalemie, ikalala Ujiji siku tatu,
ikapanda treni kuja Tabora ndani ya gunia la dagaa.
Mpaka leo ukilitoa lile jalada, paka wa jirani anakuja.
"Saksafoni ile," anasema, "haipulizwi. Inasimulia."
"Lugha yenyewe huielewi!"
"Na wewe, mkeo unamwelewa?"

Mimi nilitetea taarabu yangu, kwa adabu.
Wakasema fidla zinawaletea usingizi.
Nikawaambia huo si usingizi, ni uzee.

Kalunde, fundi cherehani, alikuwa kimya muda wote,
anachambua maganda ya karanga kana kwamba ana miadi nayo.
"Yangu," akasema, "iko kwenye mfuko."

Akaitoa, imefungwa kwa khanga iliyopauka.
Wanaume watano na mwanamke mmoja,
suruali za bugaluu, viatu vya raizoni,
nyuma yao gari, bila shaka la kuazima.
Feruzi, anayezijua bendi zote, hii hakuijua.
"Inapigaje?"
"Sijui."

Aliinunua mwaka ule wa tumbaku nzuri,
kwa pesa ya mafungu yake mwenyewe, si ya mumewe,
pale stesheni, kwa abiria aliyeishiwa nauli.
Gramafoni hakuwa nayo; angeinunua mwakani.
Mwakani mvua zikakataa.
Kisha watoto. Kisha ada. Kisha sindano zikaadimika.
Lakini jioni, akingoja maharage yaive,
aliisoma: majina ya nyimbo kumi,
na yule mwanamke, midomo imefumbwa
kama aliyebakiza neno.
Kwa miaka arobaini amezitunga zote.
Upande wa pili, wimbo wa tatu, anasema,
tumba zinaanza peke yake,
halafu yule mama anaingia, kachelewa kidogo, makusudi.
Ndio aliowabembelezea mapacha wake.
Mapacha nao sasa wanawabembelezea wao.

Gramafoni ya Feruzi ilikuwa palepale, sindano mpya.
Mihayo akanyoosha mkono.
Kalunde akaivuta santuri kifuani.
"Iache. Huenda humo ndani hawajui kuimba."

Ubishi ukalipuka upya:
santuri isiyosikika, inahesabiwa?
"Sheria ni sheria!" Mihayo akapiga meza, karanga zikaruka.
"Mimi siwezi kuoa picha!"
Treni ya Mpanda ikapiga honi,
tukanyamaza hadi imalize, kwa mazoea.

Feruzi akatoa risiti ya zamani, akageuza upande mweupe.
Vikaratasi vinne, vikakunjwa, vikatikiswa ndani ya kofia.
Dagaa: moja.
Fidla: moja, na mnajua ya nani.
Jalada la kijani: hakuna.
Kalunde: mbili.

Tukamgeukia Mihayo.
Alikuwa anatazama viatu vyake,
vidole vinapiga tumba juu ya goti, taratibu,
akimsubiri yule mama achelewe.